Karai Moja la Mchanga wa Mto

Kiangazi cha mwaka wa 1966, hapa Garissa. Tulimpoteza mdogo wangu Yusuf. Alikuwa na umri wa miaka minne na hakuwa na ugonjwa wowote.

Mwanangu, juzi ulinipigia simu kutoka Waberi ukaniambia kwamba ukuta wa nyumba yako umekamilika, miarobaini uliyopanda imeshika, na sasa unataka kuwatengenezea watoto mahali pa kuchezea mchanga kwenye kona ya bustani. Ukaniuliza uchukue mchanga wapi. Nilichelewa kujibu. Wewe ukacheka, ukasema, "Hooyo, mama yangu, si mchanga ni mchanga tu?" Nikakuambia simu haisikiki, nikaikata. Simu ilikuwa ikisikika vizuri sana. Nisamehe. Swali lako lina jibu refu, na jibu hilo, kati ya watu wetu, nimewahi kumpa mtu mmoja tu, mama yangu, naye tumeshamzika. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo utayavumilia maandishi yangu.

Wakati huo ilikuwa vita. Watu waliotoka mbali waliviita vita vya shifta. Sisi watoto tuliijua zaidi kafyu. Jua likianza kushuka, kila mtu awe ndani ya ua wake. Hata mchana, akina mama hawakuwaachia watoto wadogo waende mtoni, kwa sababu njia ya mtoni ilikuwa na kizuizi cha askari, na kando ya njia kulikuwa na vichaka ambavyo askari waliviogopa na sisi tuliviogopa. Baba alikuwa ameondoka na mbuzi na ngamia wetu wote kuelekea upande wa Eldas, kwa ndugu zake, kabla njia hazijafungwa. Hatukuwa na habari zake. Nyumbani tulibaki wanne: mama, nyanya yetu ambaye tulimwita ayeeyo, mimi niliyekuwa na miaka kumi na minne, na Yusuf.

Nyumba yetu ilikuwa ya fito na mikeka, imezungukwa na ua wa miiba ya mgunga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi la mbuzi. Lilikuwa tupu tangu baba aondoke.

Yusuf alilia kama mtoto asiyejua vita ni nini. Kabla ya kafyu alikuwa amezoea mchanga wa mtoni. Kila asubuhi aliamka akauliza, "Leo tunaenda?" Siku moja alipata upenyo kwenye ua akatoka peke yake. Mama alimkuta amefika karibu na vichaka, anatembea upesi kama mtu mwenye shughuli zake, na mfuko wa kanzu yake umejaa mbegu za mkoma. Mama alimrudisha mgongoni. Alipomweka chini hakumpiga. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka mpaka akashindwa kufunga lango.

Ayeeyo alikuwa ameketi kwenye mkeka wake mlangoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini kwa sikio lake alijua kila kitu kilichotokea uani.

"Kama mtoto hawezi kwenda mtoni," akasema, "mto na uje hapa."

"Utakuja kwa miguu, hooyo?" mama akamuuliza. Bado alikuwa akitweta.

"Utakuja juu ya kichwa cha binti yako huyu, anayekula kama ngamia na kufanya kazi kama paka."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na mimi pia nikacheka, ingawa mimi ndiye niliyekuwa paka.

Ayeeyo akanieleza kazi, naye alikuwa mtu wa kueleza kila kitu mpaka mwisho. Nichimbe shimo upande ambao kivuli cha nyumba kinafika mchana. Liwe refu hatua tatu, pana hatua mbili, kina chake kifike gotini kwa Yusuf. Chini nitandaze mawe madogo ili mvua ikija maji yasitulie. Pembeni nizungushe magogo ya mkoma yaliyolainika, mtoto akianguka asijipasue. Mchanga niuchote mtoni, pale ambapo maji yameuosha, kisha niuchekeche wote kwenye ungo mkuukuu, karai baada ya karai. Usiku nifunike shimo kwa ngozi ya ngamia, nge na nyoka wasilale humo, wala paka wa jirani wasiende haja.

"Na udongo wa zizini usiuguse," akamalizia. "Umenisikia? Mbuzi anaulalia, hapati kitu. Mtu akichubuka humo, damu yake huharibika."

Nilijua. Kila mtoto wa wafugaji anajua. Kwetu mtu akijeruhiwa zizini hakuambiwa asubiri apone. Jeraha lilichomwa kwa kijiti cha moto siku hiyo hiyo, na tangu hospitali iwepo mjini, wazee wenye busara waliongeza na sindano. Yote mawili yalifanywa kabla ya jua kutua. Nilikuwa nimeona wajomba zangu wakichomwa, wakiuma kitambaa. Kwa hiyo sitakuambia kwamba sikujua.

Shimo nililichimba kwa siku mbili. Mawe niliyapata, magogo mama alinisaidia kuyavingirisha. Siku ya tatu nikachukua karai nikaenda mtoni.

Mwanangu, sehemu hii nimeisimulia vibaya kwa miaka mingi. Watu waliponiuliza habari za vita, nilisema, "Hata mchanga tulizuiwa kuchota." Si kweli. Ngoja nikueleze kilichotokea.

Nilishuka mtoni bila shida. Nilichota mchanga mweupe, uliokaa vizuri, nikajitwika. Kurudi, kizuizini walikuwa askari watatu, vijana wa bara. Mmoja wao, mrefu, mwenye pengo la jino, akanisimamisha.

"Wewe msichana. Umebeba nini?"

"Mchanga," nikajibu. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani.

"Mchanga!" Akawageukia wenzake. "Anabeba mchanga! Hebu tazameni huku kote," akaonyesha kwa mkono nchi yetu yote, "halafu yeye anatoka mtoni na mchanga kichwani."

"Labda kwao umekwisha," mwenzake akasema.

"Anaenda kuupika," akasema wa tatu. "Watu hawa watauchanganya na maziwa."

Wakacheka. Yule mrefu akanishusha karai, akaumwaga mchanga barabarani, akaupekuapekua kwa fimbo ili aone kama kuna risasi ndani. Ilikuwa kazi yake. Hakukuta kitu. Kisha, na hili ndilo nililokuwa nikiliacha kila nikisimulia, akachuchumaa akaukusanya mchanga kwa mikono yake miwili, akaurudisha ndani ya karai wote mpaka ile chembechembe ya mwisho, akanitwika.

"Wa nini hasa?" akaniuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Wa watoto kuchezea."

"Haya. Njoo na kesho. Ukinikuta nitakusaidia mpaka kwenye ule mti."

Hakunizuia. Hakunitukana. Lakini mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na nilichekwa na wanaume watatu barabarani, na nyuma yangu wakaendelea kucheka. Nilifika nyumbani masikio yanawaka. Shimo lile lilihitaji makarai ishirini au zaidi. Nilikuwa na moja. Nikajiapia kwamba sitapita tena mbele ya meno yale.

Sikuogopa, mwanangu. Ningekuwa nimeogopa ningejisamehe mapema. Niliona aibu ya kuchekwa, basi.

Kesho yake mama alikwenda sokoni kuuza mikeka, na ayeeyo akasinzia. Yusuf alikuwa kwa jirani. Nikaingia zizini. Miezi yote ile bila mbuzi, ardhi ilikuwa imelainika, imekuwa kama unga wa kahawia, haina hata harufu kali. Nikajiambia, mbuzi wameondoka zamani, jua limeiunguza, udongo huu sasa ni kama mwingine. Nikajiambia maneno yale yale uliyoniambia juzi kwenye simu. Nikachota, nikabeba, nikamwaga. Sikuchekecha, kwa sababu ungo ulitoa sauti na ayeeyo angeuliza. Shimo lilipokaribia kujaa, nikamwaga juu yake lile karai moja la mchanga wa mto, nikausambaza kwa kiganja mpaka shimo zima likawa jeupe.

Alasiri ayeeyo akaja na fimbo yake. Akaketi kwenye gogo, akatumbukiza vidole, akachukua mchanga kidogo, akaunusa, akaugusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Mto," akasema.

Nikapangusa vumbi la kahawia mikononi.

"Umefanya kazi ya wanawake wawili. Nilikuita paka, nimekosea. Mungu akupe watoto wa kukubebea maji uzeeni." Akanitafuta kichwa kwa mkono wake akanishika utosini.

Nimepewa dua nyingi maishani, wewe mwenyewe ni mojawapo ya majibu yake. Ile ya siku hiyo ndiyo pekee niliyotamani kuitoa kichwani kwa mikono.

Yusuf alifurahi kiasi ambacho siwezi kukieleza. Aliuita mchanga ule "mto." Akiamka alisema, "Naenda mtoni," akapiga hatua nane akafika. Watoto wawili wa jirani walikuja kila siku. Mbegu zake za mkoma zilikuwa ngamia. Aliwapanga mstari, akawapeleka malishoni, akawatukana kama baba alivyowatukana ngamia wa kweli, mpaka ayeeyo akapaza sauti kutoka mlangoni, "Nani anamtukana mama wa ngamia wangu?" naye Yusuf akajibu, "Ni huyu mwekundu, ayeeyo, hataki kunywa!"

Siku ya tano au ya sita, ngamia wakapata kiu. Ungekuwa umelelewa porini ungejua mtoto wa wafugaji hufanya nini hapo. Huchimba kisima. Yusuf akaanza kuchimba kwa mikono, kama alivyoona wanaume wakichimba kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, wakati wa kiangazi, kwenda chini, chini kabisa. Mchanga mweupe ukaisha upesi. Nilimwona kutoka jikoni. Niliona udongo anaourusha nje umebadilika rangi, nikawaza, nimwite aache. Sufuria ilikuwa inachemka. Nikawaza, nikimwita, mama atauliza kwa nini. Nikageuza mkaa.

Halafu nikasikia, "Abaayo!" Hivyo ndivyo alivyoniita, dada.

Mwiba wa mgunga ulikuwa umemwingia kwenye kiganja, ule mwiba mrefu wa ua wa zizi, ukakatikia ndani. Mama alikuwapo. Akauchokoa kwa sindano ya kushonea mikeka, akautoa, akauinua kwenye mwanga.

"Mchanga wa mto una miiba?" akauliza.

Nikasema labda umeanguka kutoka kwenye ua.

Ayeeyo akaita kutoka mlangoni. "Wewe msichana. Mchanga ule wote ni wa mtoni?"

Mwanangu, nimeyapima maisha yangu yote, na naona kwamba yalikuwa hapo, kwenye swali hilo. Kijiti cha moto kilikuwa jikoni, mkaa unawaka. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa na jua bado lilikuwa juu. Hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika bado. Nilitakiwa kusema neno moja.

"Wa mtoni, ayeeyo."

"Wote?"

"Wote."

"Basi msimsumbue mtoto na moto. Mwosheni kwa maji ya chumvi. Ingekuwa ni wa zizini ningewaambia mkimbie."

Wakamwosha kwa maji ya chumvi. Yusuf akalia kidogo kisha akaonyesha kiganja chake kwa watoto wa jirani, akijivuna. Baada ya siku tatu kidonda kilifunga. Nikapumua. Nikaamini kwamba nimeepuka.

Siku ya tisa asubuhi alikataa chai. Mama akamwambia afungue mdomo, akadhani anafanya mchezo, kwa sababu uso wake ulikuwa umevutika kama anayetabasamu. Akajaribu kumpa maziwa kwa kijiko, yakamwagika kidevuni. Ayeeyo akasikia ukimya ule.

"Mleteni hapa." Akampapasa taya, shingo, akashuka mgongoni. Akaacha mkono wake hapo kwa muda. "Huu ni ugonjwa wa zizini," akasema polepole. "Mtoto huyu aliingia zizini lini?"

Mama akasema hajaingia. Wakanielekea mimi.

"Sijui," nikasema.

Mama akamfunga mgongoni tukatoka mbio. Kizuizi kilikuwa pale ambapo njia ya mtoni na njia ya hospitali zinaachana, na aliyesimama hapo alikuwa yule yule mrefu mwenye pengo. Akanitambua. "Wewe wa mchanga," akasema, akaanza kutabasamu, kisha akamwona Yusuf. Hakuuliza karatasi. Akainua gogo la njia, na tulipopita akawapigia kelele wenzake wa mbele, "Waachieni hao! Waachieni!"

Hospitalini, muuguzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama Yusuf mara moja akajua. Akafunga dirisha ili chumba kiwe na giza, akatuambia tuongee kwa kunong'ona, maana kila kelele ilimkaza mtoto mwili wote kama upinde. Mama hakujua Kiswahili ila maneno machache ya sokoni. Kwa hiyo muuguzi aliongea nami.

"Muulize mama, alichomwa na kitu?"

Nikamuuliza mama, ingawa nilijua. "Mwiba, siku tisa," nikamrudishia.

"Muulize, alikuwa anachezea udongo wa aina gani? Wenye kinyesi cha mifugo?"

Mama alinitazama akingoja nimgeuzie maneno. Sikumgeuzia. Nikamwambia muuguzi kwa Kiswahili, "Ndiyo. Ulikuwa wa zizi la mbuzi. Ni mimi niliyeutia."

Hiyo ndiyo siku niliyosema kweli, mwanangu. Niliisema kwa lugha ambayo mama yangu haelewi.

Muuguzi akavua miwani yake. "Mngemleta siku ile ile," akasema. "Tungemdunga sindano." Hakunifokea. Akamdunga sindano hata hivyo, akafanya yote aliyoweza, akakaa naye muda mrefu kuliko alivyolazimika.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

"Amesema tumwombe Mungu."

Yusuf alifariki siku ya pili, alasiri. Wanaume wa bula, kitongoji chetu, walimzika kabla ya kafyu, kwa haraka, kwa sababu haikuwezekana vinginevyo.

Asubuhi iliyofuata mama alichukua karai, akaenda kwenye shimo, akachota kwa uangalifu, kama mtu anayeengua malai juu ya maziwa. Akajitwika karai lile akatoka, akaniambia nibaki na ayeeyo. Aliporudi karai lilikuwa tupu. Halafu akaanza kulifukua shimo lote, peke yake. Nilipoinuka kumsaidia aliniambia, "Kaa." Akaubeba udongo, karai baada ya karai, akaupeleka nyuma ya nyumba. Hakuniuliza neno. Mimi nilimpa mgongo, nikapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Vita vilipokwisha baba alirudi na mbuzi wachache. Akauliza Yusuf yuko wapi, mama akamwambia pepopunda, naye baba akasema, "Ni amri ya Mungu." Ni amri ya Mungu, siipingi. Lakini mkono ulioleta udongo ulikuwa wangu, na sioni vizuri kumtwika Mungu karai langu.

Sasa nikujibu swali lako. Usichukue mchanga wa boma lolote lililowahi kulaza wanyama, hata kama wameondoka miaka mingi, hata kama mwenye lori anaapa kwamba umekaa juani. Ugonjwa ule haufi kwa jua. Chukua mchanga uliooshwa na maji, na bado uchekeche wote, usichoke katikati. Weka mawe chini, mbao laini pembeni, na mahali pawe pa kivuli, mbele ya dirisha la jikoni ili uwaone. Kila jioni pafunikwe. Kila baada ya muda ugeuze mchanga mpaka chini kabisa, kwa sababu watoto huchimba mpaka chini kabisa. Wajukuu wangu nataka nione kadi zao za chanjo, zote, usiniambie tu kwa simu. Na mtoto akichomwa, hata kidogo, usiangalie ukubwa wa kidonda, angalia kimetoka wapi.

Hayo fundi yeyote angekuambia. Langu mimi ni hili. Utakosea katika malezi, hakuna mzazi ambaye hakukosea. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa mtu anayeweza kufanya kitu, kwa lugha anayoielewa. Usimpe kweli mtu mwingine ambaye haimsaidii. Na nyumbani kwako, mtu akibeba kazi inayochekesha, msimcheke, maana hujui atakwepa wapi ili asichekwe tena. Mtoto wako akija kukuambia, "Hooyo, nilisema uongo," acha unalofanya. Shusha sufuria. Mshukuru kwanza, ndipo ukasirike.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na watoto wanaorudi nyumbani na mchanga kwenye nywele. Awape usingizi mzito chini ya miarobaini yako. Akujalie usikie kweli mapema, na uwe na nguvu ya kuisikia. Dua hii si yangu, niliipokea; miarobaini tu nimeiongeza mimi. Nikueleze niliipokeaje, halafu nitaacha.

Mama alipozeeka aliishi kwangu, unakumbuka kile chumba. Wewe ulikuwa shuleni. Asubuhi moja nilikuwa namwosha miguu, na bila kujiandaa nikasema, "Hooyo, ule mchanga wa Yusuf..."

"Wa zizini," akasema. "Najua."

Nikaacha kuosha. "Tangu lini?"

"Tangu kesho yake. Nilichota karai moja juu, chini nikakuta kinyesi cha mbuzi wetu. Niliurudisha zizini kwenyewe."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nimebaki na wewe tu."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa.

"Ule wa juu," akasema, "ulikuwa wa mto kweli?"

"Wa mto kweli, hooyo. Niliubeba kichwani."

"Huo ndio niliompelekea. Niliumwaga juu ya kaburi lake wote." Akanitafuta kichwa, kwa sababu sasa naye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akaniwekea mkono utosini, akaniombea maneno yale niliyokuandikia hapo juu. Kisha akaniambia maji yamepoa, nikaenda kumletea mengine.